Vipande Arobaini vya Karibu na Boila

Jumatatu, tarehe 6 Machi

Mkaguzi mkuu anastaafu! Nimesikia kwa masikio yangu. Miaka kumi na mmoja nimesimama kwenye mstari wa sabuni nikipima vipande, miguu imevimba, na sasa kuna kiti. Kiti chenye mgongo. Na koti jeupe lenye mifuko mitatu. Meneja ametangaza mafunzo ya takwimu, kantini, kila siku baada ya zamu ya asubuhi, na mtihani Jumamosi. Atakayeshinda ndiye atakayelivaa koti. Tumejiandikisha wawili tu: mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi hapa kiwandani nilimwombea mimi mwenyewe. Ningejua ningefunga mdomo. Mke wangu amesema anamtakia heri anayestahili. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

Jumanne, tarehe 7 Machi

Mwalimu ni mama mfupi, hacheki. Leo sampuli. Kwamba huwezi kupima sabuni zote za kiwanda. Unapima chache, mradi kila kipande kilichomo stoo kiwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kazi tuliyopewa: vipande arobaini, tutafute wastani wa uzito. Shemeji akaandika namba za maboksi kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kofia, akachanganya, akaanza kupanda ngazi. Boksi la juu kabisa. Kisha la chini kabisa. Kisha la juu tena. Nilimwonea huruma. Mimi nilivuta boksi lililo karibu na boila, penye joto zuri na stuli, nikachukua arobaini za juu. Dakika ishirini! Nikapata na usingizi kidogo.

Kuhusu nafasi sawa: maboksi yote yalikuwa huru kuwa karibu na stuli. Ni uvivu wao.

Jumatano, tarehe 8 Machi

Wastani na mtawanyiko. Vipande vya shemeji vimetawanyika kuanzia gramu 191 hadi 208, wastani 200. Vyangu vyote viko kwenye 186, vimetulia kama watoto wa shule mbele ya mwalimu mkuu. Nilimwambia shemeji sabuni zake hazina msimamo. Mwalimu akaniuliza nilichaguaje. Nikasema kwa bahati nasibu. Si uongo. Ilikuwa bahati kubwa boksi lile kuwa karibu.

Nikiwa naondoka, wazo. Karatasi ya kufungia inasema gramu 200. Mimi nimepata 186. Kiwanda kizima kinawapunja wateja, na aliyegundua ni mimi! Sikumngoja mtu. Nikapanda hadi kwa meneja. Meneja akabadilika rangi, akaamuru mashine ya kukata izimwe. Watu wote wakageuka kunitazama. Nilikwishaanza kulisikia lile koti mabegani.

Alhamisi, tarehe 9 Machi

Siku mbaya. Fundi alifungua mashine tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Haina ugonjwa. Sabuni mpya zikapimwa mbele ya meneja: 200. Ndipo mtunza stoo, mwanamke asiyejua kunyamaza, akasema mbele ya watu kwamba boksi lile liko kando ya boila tangu mwaka jana, na sabuni inakauka kama nguo kwenye kamba, uzito utabaki vipi? Watu walicheka hadi wakashikana. Meneja hakucheka.

Shemeji naye hakucheka. Alinivuta pembeni, akaniambia, "Shemeji, njoo tusome wote, hii kitu si ngumu." Nikakataa. Anataka kunichimba. Nyumbani nimeulizwa kwa nini sili.

Ijumaa, tarehe 10 Machi

Nimefufuka. Leo mwalimu amesema mwenye busara hataji namba moja. Anataja mipaka miwili, wa chini na wa juu, na kueleza ana uhakika kiasi gani kwamba wastani wa kweli umo katikati. Wengi hutumia asilimia tisini na tano. Ukitaka mipaka ikaribiane, pima vipande vingi. Ukitaka uhakika uongezeke na hutaki kupima zaidi, itanue.

Nikakaa wima. Itanue! Miaka yote nimekuwa nikikosea kwa sababu nilitaja namba. Shemeji aliuliza maswali saba. Mimi sikuuliza hata moja, nilitabasamu tu. Mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, tarehe 11 Machi

Mtihani. Maboksi mia ya sabuni mpya, meneja na mwalimu wamekaa mbele. Swali: wastani wa kipande kimoja ni gramu ngapi? Shemeji akarudia vikaratasi vyake na ngazi yake, akapima vipande mia, akahesabu, akafuta, akahesabu tena. Kati ya 199 na 201, uhakika asilimia tisini na tano. Mimi sikugusa mizani. Nikasimama, nikakohoa, nikatangaza: kati ya gramu moja na kilo kumi. Uhakika asilimia mia.

Mwalimu akafungua bahasha. Sabuni zote zilikuwa zimepimwa tangu jana, moja moja: wastani 200 na kitu. Tumepatia wote wawili! Na mimi nimemzidi kwa asilimia tano nzima. Nilidai hivyo kwa sauti. Meneja akaniuliza taratibu, kwa mipaka yangu, achapishe uzito gani kwenye karatasi ya kufungia. Nikamshauri aache nafasi wazi, mteja ajaze mwenyewe.

Koti amepewa shemeji. Linampwaya. Iliniuma, sifichi. Nilienda bomba la nyuma kunawa uso, nikakaa huko mpaka wakamaliza kupiga makofi.

Jumapili, tarehe 12 Machi

Mke wangu amelipiga pasi lile koti, huku anaimba. Langu la kazi halijaimbiwa hata siku moja. Wakati wa chakula cha mchana shemeji ameniomba niwe msaidizi wake. Amesema amekwishaniwekea kiti. Kijana ana roho nzuri, na nusura nikubali.

Lakini mambo haya yanataka sayansi. Nimefanya uchunguzi wangu. Swali: nani anastahili kuwa mkaguzi mkuu? Sampuli: mama yangu mzazi, kwa simu. Ili sampuli iwe kubwa, nimempigia mara nne. Mara tatu amejibu kwamba ni mimi, bila kusita. Mara ya nne amesema nimwache apike. Jibu hilo nimeliondoa kwa kuwa halihusiani na swali. Matokeo: asilimia mia, mtawanyiko hakuna. Nimeyaandika kwa kalamu nyekundu. Kesho asubuhi, kabla ya zamu, nampelekea meneja.