Ombi la Kuhakiki Ndege Anayebeba Vifaranga Vyetu

Ndugu Afisa Wanyamapori,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, nami nahusika zaidi, kwa kuwa vifaranga vinavyobebwa ni vya mke wangu Cecilia. Kuku wetu aliangua kumi na moja. Leo asubuhi vimebaki vinne. Cecilia anavilea kwa ajili ya supu ya binti yetu Miriam, atakayekuja kujifungulia kwetu Desemba, na ulinzi wa uani nimekabidhiwa mimi. Kwa masikitiko naeleza yafuatayo:

1. Ndege huyu hajajitambulisha. Nimefanya kazi masjala miaka thelathini na moja, na sikupata kushughulikia jalada lisilo na jina. Nimemfungulia jalada la muda, lakini kila akishuka naona tumbo tu, tena ana haraka.

2. Majirani hawasaidii. Silvano anasema ni mwewe, kwa sababu mkia una panda kama manati. Yotham anaapa ni kipanga. Geofrey, ambaye ni karani bungeni, anasema ni tai, na kwamba suala hili liundiwe kamati. Tulikuwa bado tunachagua katibu, ndege akachukua kifaranga cha sita mbele ya wajumbe wote.

3. Nilijaribu kumpiga picha kwa simu. Nikapata picha safi sana ya antena ya jirani. Cha saba kikaondoka hapo.

4. Cecilia anataka nimfukuze tu. Nimemweleza kwa upole kwamba nikimfukuza kabla hajatambuliwa nitakuwa nimemwadhibu asiyejulikana. Tangu jana hanisemeshi, na chai najimiminia mwenyewe.

Hivyo naomba uitishe uhakiki wa ndege wote walao nyama wa mtaa huu. Kila mmoja afike mwenyewe, asitume mwakilishi, akiwa na picha mbili za pasipoti, masikio yote mawili yakionekana, na barua ya mtendaji wa mtaa anakolala. Atakayeshindwa akome kula mara moja. Wanaokula panya wapewe cheti, maana sipendi kumwonea mtu.

Wasalimie wote ofisini, hasa mlinzi aliyenionyesha pa kupanga foleni.

Wako katika kulinda vinne vilivyobaki,
Gaudence Tarimo
Mtunza Masjala Mstaafu
Nkuhungu, Dodoma

NB: Nilipokuwa natafuta bahasha, ndege alirudi. Cecilia alitoka jikoni na mwiko wa ugali, akapiga yowe moja na kumrushia. Ndege akaondoka mikono mitupu. Vinne vipo vyote, kwa hiyo uhakiki naomba usitishwe. Nilimuuliza Cecilia kama amemtambua ni ndege gani. Akanijibu kwamba hakumwangalia. Alikuwa anaangalia vifaranga. Nimeona aibu, ndugu yangu.