Pishi ya Tende ya Mama Mkwe

Nimeumbuka leo, ndugu zangu, tena nikiwa nimefunga. Nawaandikieni upesi kabla habari hii haijawafikia kutoka sokoni ikiwa imekwisha tiwa chumvi.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, alivuka juzi kutoka Pangani kuja kuondoa nadhiri. Mke wangu aliposhikwa na uchungu siku mbili mfululizo, mama yake aliweka ahadi: mtoto akitoka salama, atatoa pishi ya tende katika msikiti wetu hapa Nguvumali, waliofunga wafuturie. Mtoto alitoka salama. Ikabaki pishi.

Kumbe Ami Salehe, muuza tende wa mtaa wa Usagara, huuza kwa ratili, yaani kwa uzito, wala si kwa kujaza pishi.

"Si neno, mama," nikasema. "Pishi ni ratili sita. Nimeipima mwenyewe kwa mizani ya shule." (Nilichopima ni mchele. Sikuona haja ya kulitaja hilo.)

"Mwanangu, nadhiri haitaki kukisia."

"Hata hesabu haikisii, mama."

Nikanunua ratili sita. Ami Salehe alizikata kwa kisu kutoka kwenye kanda la ukili, bonge moja lililoshikamana kama tofali. Nyumbani nikalitia katika pishi ya mti ya mama mkwe, nikalishindilia. Likakoma vidole vitatu chini ya ukingo! Nikashindilia tena kwa ngumi, ili zienee vizuri. (Naam. Zikashuka zaidi.)

Mama mkwe alilipima pengo lile kwa vidole. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nadhiri pungufu si nadhiri."

Mwenye busara angekaa akafikiri. Mimi nina digrii, nilikasirika. Nikaibeba pishi mpaka Usagara baada ya laasiri, saa ambayo duka limejaa watu wanaotafuta futari.

"Ami, mizani yako ina kilema," nikatamka, kwa sauti ya darasani. "Umempunja mama mzima katika nadhiri yake, tena mwezi wa Ramadhani!"

Mzee yule, miaka yote ananiuzia bila kunizidishia hata senti, alibadilika uso. Akalitoa bonge, akaliweka mizanini mbele ya wote. Ratili sita kamili.

"Haya, mwalimu. Ulipopata pishi kuwa ratili sita, ulipima nini?"

"Mchele, Ami."

"Mchele!" akadakia mwanamke mmoja nyuma yangu. "Na pamba je, baba, nayo utaipimia mchele?"

Hapo ndipo nilipomwona Bi Mwanaidi mlangoni. Alikuwa amenifuata kwa miguu. Akakaa juu ya debe tupu, akakunja ukaya wake wa kichwani, akaanza kulichambua lile bonge, tende moja moja, akizidondosha katika pishi. Pishi ikajaa. Ikafanya kichuguu. Tende zikaanza kuporomoka mezani, na bado bonge la ngumi nzima lilikuwa mkononi mwake.

"Pishi yangu imetimia," akasema. "Hizi zilizozidi ni zako, mwanangu. Ziko nyingi, kama maneno yako."

Nikamwomba radhi Ami Salehe mbele ya watu wale wale niliomvunjia heshima mbele yao. Sauti ya darasani haikupatikana. Alinisamehe, lakini kabla ya kunifungia zile tende alizipima upya mara mbili, na hilo ndilo lililoniuma kuliko vicheko vyote.

Magharibi ilipoadhiniwa, nilijikuta msikitini nimeketi ubavuni mwa mzee yule. Pishi ya mama mkwe ilikuwa inapita safuni. Ami Salehe akachagua tende moja nono, akaniwekea kiganjani.

"Futuru, mwalimu," akaninong'oneza. "Au uipime kwanza?"

Nikaila. Nawasihi, ndugu zangu, anayetaka kucheka na asubiri Idi.