Daktari wa Picha

Januari aliiona simu kwanza, ndipo akamwona mama aliyeishika. Kioo kilikuwa kimepasuka na kufungwa kwa plasta. Fundi mwingine angewaza kubadili kioo. Januari, ingawa kibanda chake hapo sokoni Soni kiliandikwa FUNDI SIMU, mambo ya vioo alishayaacha; yanachosha, tena yanataka mtu anayejua kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Daktari wa Picha?"

"Ndiye mwenyewe. Karibu ukae."

Siri ya udaktari wenyewe ilikuwa hivi, na tafadhali ibaki hapahapa. Ukipiga picha kwa simu, simu inaandika kimyakimya ndani ya ile picha tarehe, saa na mahali ulipopigia. Anayejua pa kubonyeza anasoma yote. Januari alijua. Alikuwa anashika simu ya mteja, anafumba jicho moja, anaguna, kisha anatamka: "Hii haikupigwa msibani Tanga. Imepigwa Korogwe, Jumamosi, saa nne asubuhi." Mke anashika kichwa, Januari anashika kuku wa malipo. Shida ilikuwa moja tu: picha ikitumwa kwa wasap, maandishi yale yanapukutika njiani, inafika tupu. Sasa daktari atamwambiaje mgonjwa kwamba hajui ugonjwa? Kwa picha tupu alikuwa na jibu moja lililozienea familia zote: "Gesti. Mombo."

Mama alijitambulisha kuwa ni Bi Mwanahamisi, mjane, anakaa kule juu njia ya Kifungilo. Akafungua picha.

"Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa siri. Alipiga hii, akafa bila kusema ni wapi. Najua tu ni ndani ya shamba letu, na shamba lenyewe ni bonde zima."

Pichani kulikuwa na shimo, ndani ya shimo sanduku la bati, ndani ya sanduku sarafu za njano zimejaa pomoni. Moyo wa Januari ukalipuka paa! Usambara nzima nani hajasikia habari za Mjerumani aliyekimbia vita akafukia mali? Babu yake Januari alichimba mashimo manane, akaambulia chupa.

Akabonyeza. Namba za ramani zikajitokeza, akazikariri palepale. Mstari wa juu yake, wa tarehe, hakuutazama. Wa nini?

"Pole mama. Picha hii imekufa," akasema kwa huzuni ya mtu anayelipwa kuhuzunika. "Tena ina mkosi. Dawa yake ni maji. Pachimbwe bwawa huko bondeni, mahali nitakapoonyeshwa, mkosi uzame."

"Bwawa la samaki?"

"Hata la samaki. Mkosi hauchagui."

"Na nani atachimba? Vijana wa siku hizi ukiwatajia jembe wanauliza bei ya kulishika."

"Mimi, mama. Bure kabisa."

Bi Mwanahamisi akamwombea dua ndefu, kisha akasema, "Ila nyie vijana wa Soni mkichoka mnatoroka. Niachie pikipiki yako, ufunguo na kadi, mpaka maji yaingie."

Hapo Januari alisita. Pikipiki ile ndiyo mali pekee aliyoipata kwa jasho. Marejesho ya miaka miwili, mengine aliyalipa kwa kulala njaa. Lakini akafikiri: mwenye dhahabu ya Mjerumani atapanda pikipiki? Akatoa ufunguo.

Kesho yake simu ilimpeleka mpaka kando ya kijito, ikasema ni hapa. Akasogea hatua tano, ni hapa. Akarudi hatua kumi. Bado ni hapa. Huko kwenye makorongo simu inakisia tu, na mwenye tamaa hana budi kuchimba makisio yote. Siku ya tatu mikono ilitoa malengelenge, siku ya sita malengelenge yakapasuka. Kila mchana Bi Mwanahamisi alimletea ugali, akasimama ukingoni kukagua.

"Upande huu wa mgomba je, mwanangu? Mkosi haujajibanza hapa?"

Januari anapima kwa simu. Ni hapa. Anachimba.

Siku ya kumi na nne, kwenye kona ya mwisho aliyoonyeshwa, jembe liligonga bati. Akapiga magoti, akavunja kifuniko. Juu, sarafu za shilingi mia mia za Jamhuri ya Muungano, zimesuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka zinameremeta. Chini, mawe.

"Umepata, mwanangu?"

Bi Mwanahamisi alikuwa ukingoni, na nyuma yake majirani waliokuja kuona maji yakiingia.

"Mama, hizi ni hela za juzi!"

"Na picha ni ya siku moja kabla sijaja kwako. Tarehe si imo humohumo? Marehemu ana miaka sita kaburini. Daktari mzima hukusoma?"

Bi Mwanahamisi akamvuta mbele mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni.

"Huyu ni binti yangu, Mwajuma. Alikuletea picha ya mumewe, ukasema gesti, Mombo."

"Mombo sijalala tangu nizaliwe," alisema Ismaili, mume mwenyewe, akiegemea jembe. "Nilikuwa Kwamkoro, nachuma chai."

"Miezi mitatu mwanangu amelia nyumbani kwangu, mtoto mgongoni," Bi Mwanahamisi akasema. "Niliumia, Januari. Niliumia sana. Pikipiki yako ile pale. Sema ukweli, uichukue."

"Nilidanganya," Januari akanong'ona.

"Ismaili hasikii vizuri."

"Nilidanganya! Picha ilikuwa tupu! Sikuona kitu!"

"Na ya kwangu je?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Na yangu, ya mwezi wa nane?"

Mwajuma alicheka huku machozi yanamtoka, akamshika mumewe mkono. Ismaili alipiga jembe mara mbili kwenye tuta lililokizuia kijito, kikageuka, maji yakaingia bwawani Daktari akiwa bado ndani. Alitoka kwa kutambaa, kina mama wanamfuata wakidai kuku wao, akapewa ufunguo na kadi, akarukia pikipiki. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena.

"Tangi liko tupu," Ismaili akamwambia. "Vifaranga vya samaki nimevifuata Korogwe, safari nne."

"Mama," Januari akasema, tope likimchuruzika masikioni, "nisaidie basi hata lita moja nifike nyumbani."

Bi Mwanahamisi alikuwa ameshainama kumimina ndoo ya kwanza ya perege, wala hakugeuka.

"Mafuta ya nini, mwanangu? Kutoka hapa mpaka Soni ni mteremko mtupu."