Juu ya Paka Directeur na Vichwa ya Samaki ya Avenue Yetu

Bulengera, Butembo

Kwa Bwana Chef wa Cellule, mukubwa wa mutaa yetu,
kupitia dirisha ya bureau yake, juu mulango inafungwaka kila mara

Bwana Chef muheshimiwa,

Nakusalimia kwa heshima yote. Ni mimi Mama Jokébed Kasika, muuza vitenge, diakoni wa kanisa, jirani yako wa nyuma ya migomba. Usiogope, hii barua si ya mufereji tena. Naandika juu ya Directeur.

Unamujua: paka yangu ya manjano, ya tumbo kubwa, ile inakalaka mu kiti ya salon wakati wageni banasimama. Binti yangu Nadège alimuacha kwangu siku aliolewa Beni. Tangu pale, mu nyumba tuko wawili tu. Alipoanza kunywa maji kupita kawaida na kukojoa fasi yote, nilimupeleka kwa Docteur Muyisa, docteur wa nyama, mwenye kutibia mbuzi na paka. Akamutoboa sikio kidogo, akapima damu: Directeur iko na ugonjwa ya sukari. Akatuandikia insuline, asubui na mangaribi, na sharti moja: ale kwanza, kisha piqûre, ile sindano.

Bwana Chef, ile kazi naifanya kupita infirmière wa hospitali. Courant ya umeme hakuna, basi dawa inalala mu chungu ya udongo, na muchanga ya maji kuizunguka. Alama ya sindano naisoma na miwani ya marehemu bwana yangu. Na chakula? Nani atanifundisha mimi chakula ya mugonjwa! Namupikia bouillie, uji laini ya mahindi, bila sukari ata punje, mimi si mujinga. Ndani naponda ndizi, ipate utamu. Namulisha na kijiko.

Sasa avenue yako inataka kuniulia Directeur. Malalamiko ni haya:

1. Mama Rébecca, muuza samaki, anamutupia vichwa ya samaki kila asubui. Nilimukataza kwa upole, kisha kwa makelele. Anajibu kwamba paka akifika kwake ni mugeni, na mugeni haondoke kwake na njaa. Mugeni gani mwenye kulala nyumba ya pili?

2. Juu ya ile vichwa, Directeur anarudi ameshiba. Anaangalia bouillie yangu, anakwarua chini na mukono kuizunguka, vile anafunikaka mavi yake. Samahani kwa neno hii, mais ndiyo ilifanyika, na mbele ya pasta.

3. Kilio ya marehemu Mzee Kitsa. Batu balilala pale wiki muzima, na Directeur pia. Nilienda kumutafuta, nikamukuta katikati ya bawajane, nyama ya mbuzi mu kinywa. Banasema alikuja kusaidia kulia. Bwana Chef, Directeur hakumujua Mzee Kitsa ata kidogo.

4. Juzi nilimupiga sindano vizuri, kama siku zote. Kisha akaanza kutembea kama mulevi, miguu ya mbele inaenda Mbau, ya nyuma inaenda Kamango. Akaanguka chini ya meza. Nilipiga magoti, nikamupaka asali mu ufizi vile Docteur alinifundisha, nikamuita jina, nikalia mpaka mbwa ya avenue ikanyamaza. Niliogopa sana, Bwana Chef. Bwana yangu nilishamuzika, Directeur siko tayari kumuzika. Alipofungua macho, nikaelewa yote: chakula ya majirani inapigana na dawa yangu. Ao jirani Éliakim alimupa kasiksi yake, ile pombe ya ndizi. Ushahidi natafuta bado.

5. Nikamuvalisha karton mu shingo: HAPANA KUNIPA CHAKULA, NIKO MUGONJWA. Batoto ya avenue banasoma kwa sauti, banacheka, kisha banaanza kumuhurumia juu iko mugonjwa. Banamupa mayai.

6. Hii inaniuma kuandika. Ile mayai inatoka mu jiko ya bibi yako.

Donc, kwa unyenyekevu, naomba serikali iamuru hivi: samaki ipite mu avenue imefunikwa. Mama Rébecca auzishe samaki bila kichwa. Kilio ifanyike bila nyama, ao marehemu achague avenue ingine. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya wote, iache mifereji, ijenge ukuta kuzunguka nyumba yangu. Na kama hayo yote ni magumu, iko dawa moja rahisi: kila nyumba ya cellule ipike bouillie yangu asubui na mangaribi, isipike kitu ingine. Hivi Directeur akipotea fasi yoyote, atakuta chakula ileile na dose haitasumbuka. Ata wewe itakusaidia tumbo.

Umusalimie bibi yako, ata kama. Usalimie batoto, familia ya Mzee Kitsa na bazee ba cellule. Mama Rébecca umusalimie pia, juu mimi ni diakoni.

Kwa heshima na kwa hasira,
Mama Jokébed Kasika

P.S. Bwana Chef, nilikuwa nimeshafunga bahasha, Docteur Muyisa akapita kupima Directeur. Sukari imeshuka, imekaa fasi yake! Anasema tusimamishe insuline: ni yenyewe ilimuangusha juzi, juu ilikuwa imezidi. Atakuwa anapita kumupima. Akauliza paka anakula nini. Nikamuonyesha sufuria yangu na furaha yote. Akaangalia mahindi, akaangalia ndizi, akakaa chini mu kiti ya Directeur. Kumbe mahindi na ndizi ndiyo zilikuwa zinapandisha sukari, na samaki, nyama na mayai ndiyo zimeishusha. Anataka kupongeza Mama Rébecca. Mwenye amekatazwa kumulisha Directeur ni mimi.

Karton nimeitoa mu shingo yake, nimeitundika kwa mulango ya jiko yangu. Mais kuko shida: Mama Rébecca alikasirika, ameanza kuuzisha vichwa. Naomba umuamuru, kwa nguvu yote ya serikali, arudie kupokea mugeni wake. Bibi yako, juu ya mayai, wasingya, asante sana.

Na utume batoto na vikombe, mbio. Bouillie imebaki sufuria muzima, na Directeur hataki ata kuiona.