Malalamiko Kuhusu Mke Aliyerudi na Siku ya Mapumziko

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kuwapokea Wanawake Waliofanya Kazi Ng'ambo.

Pokea salamu zangu za heshima, na baada ya salamu pokea hasira zangu, nazo ni za heshima vilevile.

Mimi ni fundi seremala, na mke wangu ni mmoja wa wale waliokuwa watumishi wa ndani ng'ambo, mkawapa semina ya haki za wafanyakazi. Nilimleta kwenu mwenyewe, mkoba wake nimeubeba mimi, nikidhani mnagawa cherehani. Mngempa cherehani, leo nisingekuwa na neno. Mkampa haki. Matokeo yake ni haya:

1. Ana siku ya mapumziko. Ijumaa hapiki, hafui, hatumwi. Anaketi sebuleni, miguu juu ya stuli niliyoichonga kwa ajili ya wageni. Ijumaa ya kwanza nilipika mimi. Majirani walikuja mbio na ndoo za maji.

2. Jambo hili linaambukiza. Mama yangu mzazi, niliyemtegemea amkanye mkwewe, alimsikiliza mara moja tu, kisha akatangaza kwamba hajapewa likizo hata moja tangu aolewe na marehemu baba. Zote amezichukua kwa mpigo. Yuko kwa dada yake na sijui atarudi mwaka gani. Binti yetu wa darasa la pili naye, ukimtuma chumvi, anauliza kama kwenda dukani kumo katika kazi zake. Na Ijumaa iliyopita jogoo hakuwika. Simtuhumu mtu, nasema tu hakuwika.

3. Funguo. Nilikuwa na mazoea ya kufunga mlango kwa nje ninapotoka alfajiri, kwa kuogopa wezi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo baada ya yeye kurudi, nilimkuta ameketi sakafuni nyuma ya mlango, mkoba wake mapajani. Kumbe kule walimfungia hivyo hivyo, na pasipoti yake ikakaa kabatini kwa mama aliyemwajiri. Hapo, Mheshimiwa, roho iliniuma sana, nikampa ufunguo. Lakini sasa funguo zote anazo yeye, na mimi nikichelewa napiga hodi kwangu mwenyewe, kisha nasubiri niulizwe ni nani.

4. Yeye na wenzake wawili waliorudi naye wameanzisha kazi ya kuosha mazulia, na wateja hawakauki. Mama mmoja mwenye uwezo wake aliwafokea kama watoto. Wakalikunja zulia lake na povu lake, wakamkabidhi, wakaondoka. Kesho yake alikuja mwenyewe kuomba radhi, kalikumbatia zulia. Nami nilipojitolea kuwabebea mazulia yaliyolowa, nilipewa mkataba. Mimi, mume wa ndoa, niko kwenye kipindi cha majaribio! Niliuliza kitaisha lini. Nikajibiwa kwamba itategemea mwenendo.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako imwite tena mke wangu, imfanyie semina nyingine ya kumsahaulisha ile ya kwanza. Iwe ndefu kidogo, maana anashika mambo haraka. Ila isiwe Ijumaa, hatakuja.

Wasalimie makarani wote, mlinzi wa getini, na yule mama anayefundisha semina, ambaye salamu zake nazitoa shingo upande.

Wako katika dhiki,
Fundi Seremala,
Mume (wa Majaribio).

N.B. Nimeshatia sahihi ndipo nikakumbuka. Bosi wangu wa karakana ameweka kitambulisho na vyeti vyangu kwenye droo yake tangu aniajiri, na kila nikitaka kuhamia kwingine ananiambia nisubiri. Nilidhani ndivyo kazi ilivyo. Mke wangu aliposikia, aliacha kula. Jumatatu tunakwenda kwa bosi, yeye mbele, mimi nyuma. Nilimuuliza kama haogopi, akasema kuogopa alikumaliza huko alikotoka. Kwa hiyo ile semina ya kumsahaulisha tafadhali msiifanye. Na kama ile ya haki bado ina nafasi, niandikisheni mimi pamoja na mafundi wenzangu wote, maana vyeti vyao vimo kwenye droo hiyo hiyo.