Kanisa Lisilo na Mwanzilishi

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikapu, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna jengo la kale katika eneo zima la Nyaramba litakaloruhusiwa kuendelea kusimama bila mwanzilishi. Mwanzilishi atachongewa jina lake katika jiwe laini la kuchongwa kutoka Tabaka, juu ya mlango. Jengo litakalomkosa litaondolewa kwa tingatinga baada ya siku kumi na nne. Na ili kuienzi historia, hitilafu za jengo zitarekebishwa na warithi wa mwanzilishi, kwa mikono yao wenyewe, katika siku ile ile ya juma ambayo jengo lilijengwa.

Kifungu hicho cha mwisho alikitunga Bwana Zachariah Nyakundi, Mwenyekiti wa Kamati ya Utambuzi wa Waanzilishi. Hakuna mjumbe aliyekielewa, kwa hiyo kilipita bila kupingwa.

Jumatatu Bwana Zachariah alipanda kilima hadi Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, akiwa na fomu, futi ya kupimia na mhuri. Yeye ni Msabato, kama baba yake na babu yake, na Jumamosi ya juma lililofuata alikuwa awekewe mikono awe mzee wa kanisa lao. Lakini kazi ni kazi, na serikali haina dhehebu.

Alipokewa na katekista Onchiri na Mama Drusilla, bibi wa miaka themanini na tano anayetunza funguo za kanisa. Mwenyekiti akapima kuta.

"Ukuta huu umeuzidi ule kwa hatua mbili," alisema kwa masikitiko ya kitaalamu.

"Ni kamba," akajibu Mama Drusilla. "Padre alipima kwa kamba ya mgomba. Asubuhi ililowa umande ikajikunja. Mchana ikakauka ikanyooka. Tukajenga hivyo hivyo."

"Na mbona mawe yanaishia madirishani, kisha ni matofali?"

"Tulichoka."

Mwenyekiti akaandika: *Malighafi ilibadilishwa kutokana na changamoto za nguvukazi.*

"Siku ya ujenzi?"

"Jumamosi tu. Siku nyingine tulikuwa kwenye mashamba ya pareto."

Akaandika Jumamosi. "Mwanzilishi?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Wanawake mia mbili. Mawe tuliyabeba kichwani kutoka mtoni. Nikuhesabie majina?"

"Mama, fomu ina mstari mmoja."

"Basi andika Mtakatifu Yosefu," Onchiri akasema. "Si alikuwa fundi?"

"Ana namba ya kitambulisho?"

Onchiri alikiri kwamba suala hilo halijawahi kufuatiliwa.

Mama Drusilla akakaa kwenye benchi, funguo zikilia mkononi. "Jiwe lile la pembeni lilimvunja mama yangu mguu. Alichechemea mpaka akafa. Hamwezi kumwandika yeye?"

"Kamati haitambui miguu," alisema Mwenyekiti kwa upole, akafunga fomu. "Siku kumi na nne."

Akiwa anatoka, aliinua macho juu ya mlango. Pale mahali pa kuchonga jina palikuwa peupe, papana, panaonekana tangu kituo cha kununulia majani chai. Alisimama pale muda mrefu kuliko kanuni zinavyoruhusu.

Jumatano alirudi.

"Uchunguzi wa kina," alisema, "umebaini kwamba kanisa hili lilijengwa na marehemu babu yangu, Mzee Nyakundi."

Onchiri alifungua mdomo. Mama Drusilla akamkanyaga mguu.

"Peke yake?" akauliza Mama.

"Peke yake."

"Mawe yote?"

"Yote."

"Basi andika, mwanangu. Na upige mhuri. Nakala tatu, isije moja ikapotea."

Mhuri ukalia mara tatu, na kanisa likapona.

Nakala moja ilibandikwa ofisini. Nyingine ilimfikia Mkurugenzi wa Majengo ya Kale, mkubwa wake, ambaye alifurahi mno. Alijibu kwamba atakuja mwenyewe na watu wa kamera kumshuhudia mrithi wa kwanza akiurefusha ule ukuta mfupi, kama kifungu kinavyoagiza: Jumamosi ya juma lijalo, saa mbili asubuhi.

Bwana Zachariah alipanda kilima mbio.

"Mama, kuna kosa! Babu yangu hakugusa hata kokoto hapa!"

"Ninajua. Kila Jumamosi alipita barabara ile, Biblia kwapani, akitupigia kelele kwamba tunaivunja Sabato."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uchunguzi wako ulikuwa wa kina."

"Nitalifuta jina!"

"Futa, baba. Mkurugenzi atauliza tu nani alipiga mhuri."

Jumamosi ikafika. Mkurugenzi aliketi chini ya mwavuli, kamera zikaelekezwa mtoni, na Bwana Zachariah akatokea akipanda na karai la mawe kichwani, suruali imelowa mpaka magotini. Wakati huo huo Wasabato walikuwa wakipita kwenda ibadani, mashati yamepigwa pasi, mchungaji wao mbele, yule aliyekuwa amwekee mikono siku hiyo. Mchungaji aliliangalia karai, akaangalia mikono iliyolishika, akaendelea na safari.

Kwenye nyasi za kanisa wanawake wa parokia walikuwa wameketi kwa mamia, wametulia, wakimenya karanga.

"Mama," Bwana Zachariah akahema, "hawa watu wako si wanisaidie basi?"

"Wako tayari kabisa, mwanangu," alisema Mama Drusilla. "Lakini fomu ina mstari mmoja."