Mlengwa wa Kwanza

Ilitangazwa kwa vipaza sauti, kwa mabango na kwa barua zenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia mwezi huo hakuna mzee atakayeteseka tena bila kuandikishwa. Idara ya Ustawi wa Wazee ilikuwa imezindua Mpango Jumuishi wa Kumtambua, Kumthibitisha na Kumhudumia Mzee Stahiki, na ndani ya mpango huo mlikuwa na viti vya magurudumu mia mbili, vipya, vyenye breki.

Miezi tisa baadaye viti vyote mia mbili vilikuwa bado vipya. Idara ilivitaja katika ripoti yake, chini ya kichwa cha habari "Mafanikio katika Utunzaji wa Mali".

Bibi Mkunga alizipata habari za viti kwa muuza maji, naye si mtu wa kukalia habari. Alikuwa na miaka sabini na tisa, miguu yake ingali ikimtii, na mdomo ndio usiseme. Mwenye shida alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi naye nyumba moja na kugombania naye redio moja. Wifi alikuwa na themanini na minne. Tangu mvua za mwaka uliopita magoti yake yalikuwa yamegoma, akabaki chumba cha nyuma kutazamana na ukuta, na ukuta, kwa maneno yake, haukuwa na umbea wowote.

"Nataka kukaa mlangoni tu," alisema Wifi. "Watu wanapita na nguo mpya, wengine wanapita na wake wapya, na mimi nimelala. Nitakufa sijui lolote."

Bibi Mkunga akajitanda mtandio, akaenda.

Ofisi ya Uthibitishaji ilikuwa mwisho wa ukumbi, baada ya choo kilichofungwa kwa kufuli. Kwenye benchi walikaa wazee sita waliozoeana kama abiria wa meli iliyokwama. Ndani mlikuwa na makarani watatu, na kila mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu ambacho bado kilikuwa na nailoni yake. Karani mkuu alijisukuma kwa mkono mmoja kutoka mezani hadi kabatini, akachukua fomu, akageuza kiti papo hapo, akarudi bila kuinuka. Alikuwa hodari kwelikweli.

"Baba, hivyo viti," Bibi Mkunga akauliza, "si ndivyo vya wazee?"

"Ndivyo, bibi. Tunavifanyia majaribio."

"Miezi tisa?"

"Usalama wa mzee hauna haraka. Mwombaji ana miaka mingapi?"

"Themanini na minne."

"Nani anasema?"

"Yeye mwenyewe. Na magoti yake."

Karani aliandika neno "madai" kwa mwandiko mzuri. Kisha akaeleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi, kwamba Kanuni ya Saba inataka Shahidi wa Kuzaliwa: mtu aliyekuwepo mwombaji akizaliwa, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na sita siku hiyo, aliye hai, mwenye akili timamu, na atakayefika mwenyewe kutia sahihi.

Bibi Mkunga alipiga hesabu kwa vidole. "Yaani huyo shahidi sasa awe na miaka mia moja."

"Mia moja na kuendelea. Idara haibagui umri."

"Na wifi yangu mwenyewe je? Si alikuwepo siku hiyo?"

"Alikuwepo, bibi, hatukatai. Lakini alikuwa mdogo sana kuelewa kinachoendelea."

Mzee mmoja kwenye benchi alisema kuwa yeye aliwahi kuleta picha ya mama yake. Ilikataliwa kwa sababu picha haiwezi kushika kalamu.

Bibi Mkunga angerudi nyumbani mikono mitupu, ila fomu ilikuwa na kifungu kinachomhusu aliyeleta maombi, na karani alikuwa mtu wa kujaza vifungu vyote. Akamuuliza kazi yake.

"Nimestaafu. Nilikuwa mkunga. Nilianza kumsaidia mama nikiwa na miaka kumi na sita, na kumi na saba nikaanza kuzalisha peke yangu."

Karani alikuwa anajisukuma kuelekea kabatini. Alifunga breki. Breki zilifanya kazi vizuri sana.

"Bibi," alisema, "usiondoke hapo ulipo."

Sasa yafaa ijulikane kwamba Idara ilikuwa katika kipindi kigumu. Mheshimiwa Waziri alikuwa amealikwa Ijumaa ile kuja kumkabidhi kiti mlengwa wa kwanza wa Mpango. Maturubai yalikuwa yamepatikana, kikundi cha ngoma kimepatikana, hata utepe wa kukata ulikuwepo. Kilichokosekana ni mlengwa. Mjini kulikuwa na wazee chungu nzima, lakini hakuna hata mmoja aliyethibitika kuwa mzee.

Mkurugenzi wa Idara alimpokea Bibi Mkunga kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mrefu, mwenye suti ya kijivu na nywele nyeusi kuliko viatu vyake. Kwa mujibu wa jalada lake alikuwa na miaka hamsini na sita, na alikuwa nayo kwa mwaka wa sita sasa.

"Mama, wewe ni hazina," alisema. "Una kumbukumbu zozote?"

"Ninalo daftari. Kila mtoto niliyempokea nimemwandika, tangu wa kwanza."

"Hilo ndilo daftari ambalo taifa limekuwa likilitafuta." Mkurugenzi alitembea huku na huku. "Sikiliza. Niletee mtu mmoja tu, aliyetimiza miaka sitini, uliyempokea kwa mikono yako. Mmoja tu. Ijumaa utamsoma mbele ya Waziri, utatia sahihi, basi, Mpango umefanikiwa."

"Na wifi yangu?"

"Wifi yako ataingia kwenye Awamu ya Pili."

"Lini?"

"Awamu ya Kwanza ikiisha."

Bibi Mkunga alikuwa akimsikiliza huku akimtazama sikio. Ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa imejikunja kwa ndani, kama ukurasa uliokunjwa na mtu asiyetaka kuusahau.

"Mama yako hajambo, mwanangu?" aliuliza. "Si yule mshonaji wa magodoro?"

"Alifariki miaka mingi iliyopita. Mlifahamiana?"

"Tulionana siku moja tu. Lakini tulifahamiana kwa karibu sana."

Mkurugenzi hakusikia vizuri, kwa kuwa simu ilikuwa inaita na mtu wa maturubai alikuwa na swali.

Jioni Bibi Mkunga alikaa ukingoni mwa kitanda cha wifi yake na daftari mapajani. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Wengi wa miaka ile walikuwa wamehama au wametangulia mbele ya haki. Bibi Mkunga alijua aliko mmoja tu, naye alikuwa namba moja.

Wifi aliposikia ni nani, alicheka mpaka kitanda kikalia.

"Na yeye anajua?"

"Alikuwepo," alisema Bibi Mkunga. "Lakini alikuwa mdogo sana kuelewa."

"Utamwaibisha mtoto wa watu."

Jambo hilo lilikuwa likimkereketa Bibi Mkunga. Si desturi ya mkunga kutoa nje siri za chumba cha uzazi. Alikuwa amezipokea siri nyingi na hakuna hata moja iliyomponyoka. Lakini alimtazama wifi yake, shingo ile iliyokuwa ikitembea na sufuria ya maji kichwani bila mkono, sasa imelazwa kwenye mto mchana na usiku, na viti mia mbili vinazungushwa na makarani.

"Ameomba mwenyewe," alisema mwishowe. "Kasema aliyetimiza sitini, niliyempokea kwa mikono yangu. Mimi ni nani nimkatalie Mkurugenzi?"

"Basi na mimi nakwenda," alisema Wifi. "Hata nikibebwa kama gunia."

Ijumaa alibebwa kwa mkokoteni wa muuza maji, juu ya godoro, amevaa gauni lake la arusi za watu. Njia ya dakika ishirini ilichukua saa moja na nusu kwa sababu ya salamu. Walipofika kwenye uwanja wa Idara, muuza maji aliusimamisha mkokoteni pembeni mwa turubai, chini ya bango lililosema MZEE KWANZA.

Waziri, mama mwenye miwani mikubwa na subira ndogo, alikuwa ameketi mbele. Mkurugenzi alikamata kipaza sauti.

"Uzee ni jambo zito," alisema. "Zamani mtu alijiamkia tu asubuhi akajiita mzee. Siku hizo zimekwisha. Ushahidi ukishatolewa chini ya Kanuni ya Saba, haupingwi na mtu yeyote, awe mdogo, awe mkubwa." Makofi yalipigwa, hasa na makarani, ambao siku hiyo walikuwa wamesimama. "Sasa namwalika shahidi wetu."

Bibi Mkunga alifungua daftari na kusoma kama alivyokuwa akiwasomea madaktari, bila mbwembwe.

"Namba moja. Mwezi kama huu, sasa ni miaka sitini na miwili. Mtoto wa kiume. Mama yake ni mshonaji wa magodoro. Alitanguliza miguu. Hakulia mpaka nilipomchapa makofi mawili. Sikio la kushoto limejikunja ncha."

Uwanja mzima ulianza kukaguana masikio.

"Hongera, bibi," alisema Waziri. "Na huyo mzee wetu amefika?"

"Amefika, Mheshimiwa. Ndiye aliyeshika kipaza sauti."

Kipaza sauti kilitoa mlio mwembamba. Mkurugenzi alifunika sikio la kushoto kwa mkono, jambo ambalo halikumsaidia. Karani mkuu alikuwa na muhuri wa kijani wa THIBITISHWA ambao kwa miezi tisa haukuwahi kugusa karatasi. Alikuwa ameulowesha wino tangu asubuhi. Bibi Mkunga alitia sahihi, na karani, kwa uaminifu wa mtu aliyeisoma kanuni, akaugonga.

"Wewe uliniambia una hamsini na sita," alisema Waziri.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hata kipindi kile nikiwa Naibu Waziri."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Ratiba haikuwa na kifungu cha kusitisha sherehe, kwa hiyo ngoma ilipigwa, kiti kikasukumwa mbele, na kabla hajajua la kufanya Mkurugenzi alikuwa ameketishwa na kupigwa picha. Ndipo alipozinduka. Aliruka kutoka kwenye kiti, akachuchumaa na kuinuka mara tano mbele ya wageni waalikwa.

"Mimi nina nguvu zangu," alihema. "Kiti hiki si changu. Mpeni yule bibi wa kwenye mkokoteni. Yule ndiye mzee. Hata kipofu akipita hapa ataona kuwa yule ni mzee."

"Anaonekana?" aliuliza Waziri.

"Anaonekana waziwazi."

"Bila shahidi?"

Mkurugenzi alipangusa jasho kwenye paji la uso. Jua lilikuwa kali, na mchirizi mweusi ulikuwa umeanza kushuka kutoka kwenye nywele zake, ukapita kwenye shavu na kuingia kwenye kola nyeupe. Waziri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena na kumtazama vizuri.

"Andika," alimwambia karani. "Uthibitishaji kwa macho. Pendekezo la Mkurugenzi. Unaanza leo." Kisha akaongeza kwa sauti ya huruma, "Na wewe, baba, nenda kapumzike. Kumbe tumekutumikisha miaka miwili bila haki."

Viti vilitoka siku ile ile. Wazee sita wa benchi walikuwa wa mbele, na waliofuata waliitwa na majirani zao. Wifi aliinuliwa kutoka kwenye godoro, akawekwa kwenye kiti, akaomba nailoni isitolewe mpaka afike nyumbani waione. Makarani walitafutiwa viti vya mbao.

Jumatatu asubuhi Wifi alikuwa mlangoni, amekwisha kujua kuwa binti wa fundi viatu kaposwa na kwamba mwenye duka kanunua meno, alipomwona mtu mrefu anakuja kwa miguu, amevaa kofia. Alipiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

Bibi Mkunga alitoka jikoni na sinia la mchele. "Karibu, mwanangu. Umekula?"

Alikuwa hajala. Alikuwa ametoka Ofisi ya Utumishi kufuata barua yake ya kustaafu. Kule agizo la Waziri lilikuwa bado njiani, likisubiri kupigwa chapa. Wao walikuwa wakifuata Kanuni ya Saba, ambayo yeye mwenyewe aliisambaza kwa ofisi zote, na walisisitiza kwamba shahidi afike mwenyewe.

"Nimewaambia wasome magazeti," alisema, akizungusha kofia mikononi. "Wameniambia picha haiwezi kushika kalamu."

"Nitakwenda," alisema Bibi Mkunga. "Mimi ndiye niliyekuleta duniani, siwezi kukuacha njiani. Ila huyu siwezi kumwacha peke yake."

"Na mimi siachwi," alisema Wifi. "Hiyo ofisi sijaiona."

Basi wakaondoka. Bibi Mkunga alitangulia na daftari kwapani, na aliyekuwa Mkurugenzi akafuata akikisukuma kiti, mbio kidogo kwa kuwa ofisi ile ilifunga dirisha saa sita. Watu walitoka kwenye vibaraza kuwatazama, na Wifi alimsalimu kila mmoja na kumweleza wanakokwenda na kwa sababu gani, bila kuficha.

Karibu na soko njia ilikuwa imechimbika.

"Taratibu, kijana," alisema Wifi. "Kuna shimo hapo."

Tangu Ijumaa hakuna mtu aliyekuwa amemwita kijana. Aliusikia moyo wake ukichangamka. Alilikwepa shimo kwa ustadi, akakivusha kiti juu ya mfereji, akanyoosha mgongo, na kuanzia pale mpaka dirishani hakupumzika hata mara moja.